"Mimi Nilikuwa na Nani?"

(Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha mtaa, Kisauni, Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Wengi hamkuwahi kufika na wengine mliomba yaandikwe. Nimeyaandika vile nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)



Wazee wangu, mama zangu, maustadhi, mzee wa mtaa, vijana wa bodaboda mlioegesha pikipiki hapo nje mkaingia, na majirani zetu wasio Waislamu mliotuitikia: asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya harusi na siku ya mpira. Sitawaweka mpaka Magharibi.

Leo nataka kuanza na jambo ambalo kwangu mimi ni la aibu. Nimefikiria kama nilifiche, nikaona nikilificha sitakuwa na haki ya kuwaambia nyinyi chochote.

Kuna mama mmoja wa mtaa huu. Jina lake silitaji, na nyinyi mnaomjua nawaomba msilitaje. Anauza mahamri na mbaazi. Mwaka juzi, alfajiri, alikuwa anatoka na ndoo yake kuelekea pale anapouzia. Vijana watatu wakamtokea na mapanga. Wakachukua simu, wakachukua kipochi chenye pesa za unga na mafuta. Alipoinua mkono kukinga kichwa, panga likampata chini ya kiwiko. Kano zikakatika. Mpaka leo vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Na huyu ni mtu ambaye riziki yake ni kukanda unga.

Siku chache baadaye polisi wakafanya msako. Misako mnaijua. Vijana waliokuwa maskani wakabebwa, aliyekosa na asiyekosa, lori moja. Mama zao wakaja ofisini kwetu wanalia. Sisi tukafanya kazi tuliyoizoea. Tukaenda stesheni usiku ule ule. Tukauliza nani ameandikwa kwenye OB na nani hajaandikwa. Tukasimama mpaka wakapelekwa kortini ndani ya saa 24 kama Katiba inavyosema. Wengi wakaachiliwa. Mmoja akashtakiwa kwa wizi wa mabavu, kwa kisa cha huyu mama. Tukamtafutia wakili, tukaongea na jamaa zake wakaleta mdhamini, akatoka kwa dhamana.

Kazi ile siijutii. Kijana akishikwa leo usiku, nitaamka tena. Mshukiwa ni mshukiwa, hajawa mhalifu mpaka korti iseme.

Lakini sikilizeni kilichotokea baadaye. Zaidi ya mwaka ukapita. Siku moja nilienda kununua mahamri. Nikaona binti yake ndiye anayekanda, mama amekaa kando anapokea pesa kwa mkono wa kushoto. Akaniangalia kwa muda. Akaniuliza, "Mwanangu, si wewe ulikuwa na yule kijana kortini?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Hakukasirika. Hakupaza sauti. Akasema tu, "Basi yeye alikuwa na wewe. Mimi nilikuwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikalipa mahamri yangu nikaondoka, na wallahi sikuyala.

Kila wiki kwenye ukurasa wetu kuna mtu anaandika: nyinyi watu wa haki za binadamu mnatetea wahalifu tu, tukikatwa mapanga hatuwaoni. Siku zote nilikuwa nawajibu kwa ukali. Nawaambia someni Katiba, kila mtu ana haki. Lakini swali la huyu mama si matusi ya mtandaoni. Ni swali la haki kweli, na lilitaka jibu.

Kwa hivyo nikarudi kesho yake. Nikamwomba anisimulie safari yake yote, tangu panga lilipompata. Nilichukua daftari. Nataka niwapitishe kwenye safari ile, kwa sababu humu ndani najua kuna wengi waliopita njia hiyo hiyo.

Kwanza alipelekwa hospitali na tuktuk, damu inamwagika. Huko akaambiwa aende kwanza polisi. Jamaa yake akakimbia stesheni, akapewa nambari ya OB, akaambiwa fomu ya P3 zimekwisha, akapige fotokopi dukani. P3 ni ya bure, ndugu zangu. Hailipiwi polisi. Lakini fotokopi ililipiwa, na aliyeijaza hospitali akataka chake kabla ya kuandika. Mama hakupewa risiti.

Pili, askari aliyechukua maelezo yake alimwandikia kwa Kiingereza. Akatia sahihi kitu asichokielewa. Hakupewa nakala.

Tatu, hakujua kama kuna mtu ameshtakiwa. Alijua lini? Alimkuta yule kijana dukani, ananunua vocha ya simu. Wanaishi vichochoro viwili mbali. Hakuna aliyempigia simu kumwambia kwamba mshukiwa ametoka kwa dhamana. Mama akafunga biashara wiki mbili, hatoki nyumbani. Na dhamana ile, wazee wangu, mimi ndiye niliyesaidia itoke. Siku ile kortini hakuna aliyeuliza huyu mama anaishi wapi. Mimi pia sikuuliza.

Nne, kesi. Alienda kortini mara nne. Kila mara nauli yake, kila mara biashara imelala. Mara ya kwanza hakimu hayupo. Mara ya pili faili haijaonekana. Mara ya tatu wakili wa upande ule ameomba tarehe nyingine. Mara ya nne aliketi kwenye benchi la nje kutoka saa mbili asubuhi, na benchi lile lile ameketi kijana na jamaa zake. Saa saba akaambiwa kesi yako imeshatajwa, rudi tarehe fulani. Hakuna aliyemwita ndani.

Tano, tarehe ya kusikizwa ilipofika, yeye hakuwa na habari. Simu yake ya zamani iliibiwa, na nambari mpya hakuna aliyeichukua. Afisa wa upelelezi alikuwa amehamishwa kaunti nyingine. Mashahidi hawapo, mlalamishi hayupo. Upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Kijana akaenda nyumbani. Mama alipata habari baada ya miezi miwili, kwa jirani.

Sasa nawauliza. Katika safari ile yote, nani alimfanyia ubaya? Ukimshika mmoja mmoja, kila mtu atakwambia alifanya kazi yake. Askari aliandika, daktari alijaza, hakimu alifuata sheria, sisi tulitetea. Lakini mwisho wake, mama ana vidole viwili visivyokunja na hana hata karatasi moja mkononi inayosema aliyepatwa na jambo ni yeye.

Nilirudi ofisini nikafungua Katiba. Ibara ya 50 ndiyo ya kesi ya haki. Ukisoma ibara ndogo ya pili, haki za mshtakiwa zimeorodheshwa kuanzia herufi a mpaka q. Ni orodha ndefu, na imewekwa kwa sababu nchi hii imeona mengi. Halafu teremka mpaka ibara ndogo ya tisa. Kuna sentensi moja: Bunge litatunga sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, haki zao na maslahi yao. Sentensi moja tu.

Bunge lilitunga. Inaitwa Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa, ya mwaka 2014. Nataka tuinue mikono bila kuoneana haya: nani humu alishaisikia? Naona watatu. Mmoja ni karani wa wakili, huyo simhesabu. Basi tuko sawa, kwa sababu mimi nimefanya kazi hii miaka minne na nilikuwa sijaisoma yote.

Sheria ile inasema nini? Nitasema kwa lugha yetu.

Inasema aliyeumizwa ana haki ya kuwepo kwenye kesi, yeye mwenyewe au mwakilishi wake. Ana haki kesi ianze na iishe bila kucheleweshwa ovyo. Ana haki ya kuelezwa mashtaka ni yapi, na kesi imefika wapi. Kama hajui lugha inayotumika kortini, apewe mkalimani. Upande wa mashtaka ukitaka kufanya makubaliano na mshtakiwa ili akiri kosa dogo, mwathiriwa asikizwe kabla.

Inasema usalama wake na wa jamaa zake ufikiriwe wakati korti inaweka masharti ya dhamana. Yaani siku ile ya dhamana, korti ingeweza kuambiwa: hawa wanaishi vichochoro viwili mbali, basi kijana akakae kwa mjomba wake mtaa mwingine mpaka kesi iishe, asimkaribie mama wala mashahidi. Mtoto wa watu asingekaa rumande, na mama angelala usingizi. Haki za wote wawili zingeenea. Lakini hakuna aliyeuliza.

Inasema mshtakiwa akipatikana na hatia, mwathiriwa anaweza kutoa maelezo ya jinsi alivyoathirika, kabla ya hukumu kupitishwa. Aseme mkono wangu uko hivi, biashara yangu iko hivi, mwanangu ameacha chuo kunisaidia. Na korti inaweza kuamuru alipwe fidia. Sheria hiyo hiyo imeunda bodi ya waathiriwa na mfuko wa pesa wa kuwasaidia. Mimi, katika miaka minne ya kuzunguka mitaani na kortini, sijakutana na mtu hata mmoja aliyesaidiwa na mfuko ule. Kama uko humu, tafadhali nione nikupongeze.

Na si sheria ya kuwekwa kabatini. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, ile ya juu kabisa, iliamua kesi inayoitwa Waswa dhidi ya Jamhuri. Ilikuwa kesi ya mauaji, na jamaa za marehemu walitaka wakili wao ashiriki. Mshtakiwa akapinga mpaka juu. Mahakama ikasema mwathiriwa ana nafasi yake kwenye kesi, na anaweza kusikizwa kupitia wakili. Lakini ikaweka mpaka: hatakuwa mwendesha mashtaka wa pili. Kazi ya kushtaki inabaki ya serikali, na mshtakiwa asishambuliwe na pande mbili. Mimi naona ni uamuzi wa busara. Haukumnyang'anya mmoja ili kumpa mwingine.

Hapa nataka kusema na wale wanaodhani haki ya mwathiriwa ni kumkandamiza mshukiwa. Tafadhali tuelewane. Mtu aliyekatwa panga hafaidiki na kijana asiyehusika kufungwa. Akifungwa asiyehusika, aliyekata bado yuko nje na panga lake. Aliyeumizwa anataka ukweli. Mshukiwa asiye na kosa pia anataka ukweli. Wote wawili wanahitaji upelelezi mzuri, faili lisipotee, mashahidi wafike, kesi iishe. Kesi ya mama huyu ilipoondolewa, hata yule kijana hakusafishwa. Mtaani bado anaitwa mwizi. Hajahukumiwa na hajasafishwa, yuko katikati tu.

Na tukiwaacha waathiriwa peke yao, tunajua kinachofuata. Nitasema waziwazi. Mtu akiona korti haina maana, atanunua tairi na petroli. Au atashangilia kijana akipigwa risasi kichochoroni bila kesi. Tumelia sana na mauaji ya namna hiyo, tumeandamana, tumezika. Lakini mnaokumbuka, baadhi ya siku zile tulipokuwa tunalia, kuna majirani waliokuwa wanapiga makofi. Niliwaita watu wasio na roho. Siku hizi najiuliza, wangapi kati yao walikuwa wamekaa kwenye lile benchi la nje?

Sasa niingie kwenye jambo zito zaidi, na hapa nawaomba wazee wangu mnivumilie. Ni jambo la maslaha.

Maslaha ni kitu chema. Jirani kavunja dirisha, vijana wamerushiana ngumi, ndugu wamegombania kuku, wazee wakae, watu wapatane. Sheria yenyewe inaruhusu suluhu kwenye makosa madogo kama shambulio la kawaida, na Katiba ibara ya 159 inatambua suluhu za kienyeji, ilimradi zisivunje haki za mtu. Hilo tulilinde.

Lakini mtoto wa miaka 11 akinajisiwa, halafu wazee wakakaa sebuleni, baba akapewa pesa, mtoto akapelekwa kwa nyanya yake bara ili watu wasahau, hayo si maslaha. Maslaha ya nani? Mtoto aliulizwa? Mama yake aliulizwa? Aliyefanya anabaki mtaani, na mara nyingi ni mtu wa karibu: mjomba, jirani, mwalimu. Kesho ni mtoto wa mwingine.

Na kisheria haiwezekani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema uamuzi wa kusimamisha upelelezi au kesi ya namna hiyo si wa askari, si wa familia na si wa wazee. Ni wa mkuu wa mashtaka wa serikali. Kwa hivyo askari akikwambia nendeni mkaelewane nyumbani, anakwambia kitu asicho na mamlaka nacho. Na mzee anayepokea pesa ile anajitia matatani.

Askari wanaokataa kufanya kazi pia wamewahi kuhukumiwa na korti. Mwaka 2013, Mahakama Kuu kule Meru ilisikiza kesi ya wasichana waliokuwa wamenajisiwa, wakapeleka malalamiko polisi na polisi hawakufanya uchunguzi wa maana. Mahakama ikasema ule uzembe wa polisi wenyewe ni kuvunja haki za watoto wale, ikaamuru uchunguzi ufanywe ipasavyo. Na Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru manusura wanne wa dhuluma za kingono za baada ya uchaguzi wa 2007 walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja, kwa sababu serikali ilishindwa kuchunguza. Hesabuni miaka hapo. Haki ilifika, lakini ilifika imechoka.

Kina mama, yashikeni haya, na muwafundishe mabinti. Akipatwa na jambo lile, Mungu apishe mbali, hospitali kwanza, haraka. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asioge. Nguo alizovaa asizifue, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au gazeti, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hufanya unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali watajaza fomu yao inayoitwa PRC. Polisi watatoa P3. Zote mbili zinahitajika. Nambari 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya bure kwa watoto. Na msiogope maneno ya mtaani kwamba bila shahidi wa pili hakuna kesi. Sheria ya ushahidi inaruhusu korti kutegemea ushahidi wa mwathiriwa peke yake katika makosa ya kingono, ikiwa hakimu ataridhika kwamba anasema kweli na ataandika sababu zake.

Mahakama ya Shanzu, hapa hapa kwetu, ilifunguliwa kitengo maalumu cha kesi za dhuluma za kijinsia Machi 2022, cha kwanza nchini. Jambo jema tuliseme. Lakini jengo halimbebi mtoto kutoka nyumbani mpaka kizimbani. Anabebwa na watu.

Wapo waathiriwa wengine ambao hatuwaiti hivyo. Mama ambaye kijana wake alichukuliwa na watu wasiojitambulisha na hajarudi, naye ni mwathiriwa wa uhalifu. Kijana aliyepigwa kwenye seli mpaka akapoteza sikio, mwathiriwa. Familia zilizopoteza watu kule Shakahola mwaka 2023, waliokaa miezi wakisubiri majibu ya vinasaba ili wazike, waathiriwa. Sheria ile ya 2014 haikusema mwathiriwa ni yule aliyeumizwa na raia tu. Imesema ni mtu yeyote aliyeumia au kupata hasara kwa sababu ya kosa la jinai. Aliyekuumiza akiwa na sare, haki zako hazipungui. Malalamiko dhidi ya polisi yanapelekwa IPOA, na kupeleka ni bure.

Basi tunataka nini? Nimeandika mambo machache. Sitaki tuondoke na orodha ya ndoto.

Kwa polisi tunataka haya. P3 zipatikane bila fotokopi na bila chai. Maelezo yaandikwe kwa lugha anayoielewa mtoaji, au asomewe kwa lugha hiyo kabla ya kutia sahihi. Na afisa wa upelelezi akihamishwa, mlalamishi apewe jina na nambari ya aliyemrithi faili.

Kwa upande wa mashtaka tunataka kitu kimoja ambacho hakigharimu hata shilingi kumi: simu. Simu moja dhamana inapoombwa, simu moja tarehe inapobadilika, simu moja kabla kesi haijaondolewa. Kesi ya mama huyu ilikufa kwa kukosa simu moja.

Kwa korti tunataka mahali pa kuketi waathiriwa pasipo pamoja na washtakiwa. Watoto wasikizwe mapema asubuhi, na wakingwe wasitazamane uso kwa uso na wanaowatuhumu. Hilo sheria ya 2006 tayari inaliruhusu. Na Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambayo kisheria ipo ili watu kama sisi tukae meza moja na hakimu, polisi na magereza, ipokee jambo hili kwenye ajenda. Tumeshaandika barua kuomba nafasi.

Kwa serikali tunataka ule mfuko wa waathiriwa uwe na pesa zinazofika Kisauni. Mfungwa anapewa chakula na dawa na serikali, na ni haki yake. Basi na aliyekatwa mkono apate nauli ya kwenda kutoa ushahidi.

Na kwetu sisi wenyewe? Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kutaka kwa wengine ni rahisi.

Kuanzia mwezi huu, ofisi yetu itakuwa na daftari mbili. La kwanza ni lile lile la walioshikwa. La pili ni la walioumizwa. Tumegawana kazi: anayemsaidia mshukiwa katika kesi fulani hatakuwa huyo huyo anayemsaidia mlalamishi, ili kusiwe na siri za huyu kuvuja kwa yule. Na pale ambapo wote wawili wametujia, mmoja tutampeleka kwa shirika jingine lenye mawakili, na tutawaeleza wote wawili kwa nini.

Tunatafuta watu wa kujitolea 20. Sihitaji mawakili. Nahitaji mtu anayeweza kuketi na mtu kwenye benchi. Kazi yenyewe ni hii: unamsindikiza kwenda stesheni, unahakikisha ameondoka na nambari ya OB. Unaandika jina la afisa. Unampiga picha jeraha kwa ruhusa yake, na tarehe. Unaweka nakala ya kila karatasi. Tarehe ya kesi ikikaribia, unampigia. Siku ya kesi unaenda naye, unamwambia mwendesha mashtaka kwamba mlalamishi yuko hapa. Ni hayo tu. Mama yangu mzazi anaweza kuifanya kazi hii, na ameshaniambia ataifanya.

Maustadhi, nawaomba hotuba moja ya Ijumaa kuhusu tofauti ya suluhu na kuficha uhalifu. Nikisema mimi wataniita kijana wa mashirika. Mkisema nyinyi watasikia.

Wazee wa mtaa, mkiletewa kesi ya mtoto sebuleni, inukeni, fungeni kikao, mwiteni mama wa mtoto na mumpeleke hospitali kwa gari la mmoja wenu. Hiyo ndiyo heshima ya uzee.

Na vijana wangu wa maskani, najua mnanitazama kwa jicho jingine leo. Mnasema huyu naye ametugeuka. Sijawageuka. Ukishikwa nitakuja. Lakini nikija, usinitegemee kusahau kwamba kuna mtu mwingine amelala na mkono uliofungwa bendeji.

Namalizia na yule mama, maana najua mtaniuliza.

Tulipofuatilia faili lake tulikuta kesi iliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya taratibu za kesi za jinai. Wakili akatueleza kwamba kesi ikiondolewa kwa kifungu hicho kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, haijafa. Inaweza kufunguliwa tena ushahidi ukipatikana. Mama hakuambiwa hivyo. Alidhani imekwisha, na sisi tuliomsaidia yule kijana tulidhani hivyo hivyo, tukafurahi.

Basi mwenzangu wa ofisini, si mimi, alimsindikiza kwa ofisi ya mashtaka na barua. Ameomba faili liangaliwe upya. Ametoa nambari yake mpya ya simu, na maelezo yake yamesomwa kwake kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza. Kumbe kulikuwa na kosa ndani. Waliandika mkono wa kushoto. Amelirekebisha. Barua imepigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake iko kwenye bahasha anayoiweka pamoja na kitambulisho. Jibu bado. Yule kijana naye tumemweleza yanayoendelea, na wakili wake anajua. Amesema kama ni kusikizwa, isikizwe, amechoka kuitwa mwizi.

Sijui itakwisha vipi. Lakini wiki iliyopita nilipita kununua mahamri. Mama akaniambia, "Wameniambia watanipigia." Akainua simu kunionyesha kwamba imewaka, ina chaji.

Wakitompigia, tutaenda kuuliza kwa nini. Anayetaka kuandikisha jina, daftari liko mlangoni.